Wanaouchunga mvuke

Msitu wa Hoh uko magharibi mwa jimbo la Washington, Marekani, karibu na Bahari ya Pasifiki. Mvua yake hufikia kama milimita 3,500 kwa mwaka, na nyingi huanguka katika miezi ya baridi. Pande hizo wapo watu wanaoishi miezi hiyo yote ndani ya gari-nyumba, lenye kitanda, jiko na bafu katika nafasi ya chumba kimoja cha kupanga, na baridi ikiisha mbao zao ni kavu na mito yao hainuki kuvu. Nawavulia kofia, maana adui wao hatoki mawinguni peke yake.

Maji mengi wanayopambana nayo wameyaleta wenyewe. Watu wawili wakilala usiku mmoja, pumzi na jasho lao hutoa nusu lita na zaidi. Birika likichemka, mvuke. Koti lililolowa likitundikwa, mvuke. Tena kilo moja ya gesi ya propani ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, kwa kuwa haidrojeni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani. Ndiyo maana wajuzi hawaoti moto wa jiko la gesi, ambao pia waweza kuwaua kwa hewa ya sumu. Hita yao huvuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba.

Mvuke huo hauonekani mpaka ukutane na kitu baridi, kama chupa ya soda inavyotoka jasho mezani. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha matone ikigusa kitu cha nyuzi 12. Kwa hiyo mjuzi hujifunza kuitambua baridi ilikojificha: fremu ya alumini, kichwa cha skrubu, pembe ya kabati iliyoegemea ukuta wa nje. Huko ndiko anakopapasa asubuhi, kitambaa mkononi.

Linalonivutia kuliko yote ni kuwaona wakifungua tundu la paa mvua ikinyesha. Mgeni hudhani wamekosea. Lakini hewa ya nje ya nyuzi 5, hata ikiwa imejaa maji kabisa, hubeba gramu 7 hivi tu za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ikiingia ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 20, unyevu wake hushuka chini ya asilimia 40. Basi huacha upenyo mdogo dirishani, huwasha feni ya paa polepole, na hukubali kupoteza joto walilolinunua kwa fedha. Kuiamini hesabu kiasi hicho, usiku wa mvua, si jambo dogo.

Kitanda kina elimu yake. Joto la mwili husukuma mvuke kupenya godoro mpaka kwenye ubao baridi wa chini, na hapo hugeuka maji asiyoyaona mtu. Kuvu huota gizani wakati shuka za juu zingali safi. Dawa ni chaga zenye nafasi, hewa ipite chini, na godoro kusimamishwa kila asubuhi kabla ya chai. Wenye mashine za kukausha hewa nao huchagua kwa makini, kwani zile za kugandamiza gesi hushika barafu na kuzembea chumba kikiwa baridi, ilhali zile zenye gurudumu la zeolaiti linalonyonya unyevu huendelea na kazi, na hutoa joto kidogo juu yake.

Hata sponji la kuzuia baridi ukutani lataka mkono mtulivu. Likiacha mwanya kati yake na bati, mvuke hupenya nyuma na kulowesha ukuta mahali pasipofikika tena. Fundi makini hulikata likakaa sawasawa na kuziba kila ukingo.

Bado kuna mvua yenyewe, inayotafuta maungio ya paa na matundu ya skrubu. Kubandika lakiri mpya ya kuzibia juu ya kuukuu iliyopasuka ni kuufungia unyevu ndani. Wao huikwangua yote, husafisha kwa spiriti, ndipo hupaka, na kazi hiyo huiweka hadi Julai au Agosti, miezi mikavu ya pande zile, ili mbao za ndani ziwe zimekauka kwanza.