Singa Chache Kwenye Ndoana

Katika duka la vifaa vya uvuvi, jigi la singa ndilo chambo ambacho macho hukiruka upesi kuliko vyote. Jirani zake ukutani wana rangi za kumetameta, macho ya kioo, magamba yaliyochorwa moja moja, na wengine njuga tumboni. Lenyewe ni tone la risasi lililogandishwa kwenye shingo ya ndoana, na nyuma yake kishada cha singa za mkia wa kulungu wa Amerika Kaskazini. Likiwa kavu halifanani na kiumbe chochote.

Mara ya kwanza kuliona kweli nilikuwa Naivasha. Mzee aliyenifundisha kulifunga alimimina maji kwenye bilauri, akalitumbukiza, akaondoa mkono. Singa zilizokuwa zimesimama wima kama brashi zililainika, zikakusanyika, kisha zikaanza kufunguka na kufumba. Hakuna aliyeigusa bilauri. Mzunguko mdogo tu uliobaki majini baada ya kumiminwa ulitosha.

Sifa yake yote imo katika bilauri ile. Vyambo bandia vingi vya kuvulia besi huishi kwa mkono wa mvuvi: ukivuta vinatikisika, ukiacha vinakuwa plastiki au mti. Jigi la singa huendelea na kazi wakati mvuvi ametulia. Na besi ni samaki anayetazama kwanza, hasa akiwa ameshiba au maji yakiwa ya ubaridi mkali. Husogea karibu, husimama, hungoja kuona kama kitu kile kina uhai. Hapo ndipo vyambo vingi humaliza hoja zao.

Kazi ya kulitengeneza huanza na risasi, inayoyeyuka ikifika nyuzi 327 za Selsiasi. Huyeyushwa nje ya nyumba, upepo ukitoka nyuma ya fundi, kwa sababu mvuke na vumbi lake ni sumu. Kalibu nayo iwe kavu kabisa: tone moja la maji likikutana na risasi ya moto huirusha usoni. Ndoana hulazwa ndani ya kalibu kwa namna ambayo, jigi likitua chini ya ziwa, ncha itatazama juu na kuepa matope. Nyuma ya kichwa huachwa shingo fupi ya risasi ya kufungia singa.

Baada ya hapo ni jiliwa dogo, uzi na vidole. Uzi hutangulia kuzungushwa shingoni hadi risasi isionekane, maana singa zikifungwa juu ya risasi tupu huteleza. Mkia wa kulungu nao una singa za namna zaidi ya moja. Za karibu na shina lake zina uwazi zaidi ndani. Uzi ukizikaza, hutawanyika pande zote kama mwavuli unaofunguliwa. Za kuelekea nchani zimeshiba zaidi na hulala. Jigi linalotakiwa kushuka polepole hupewa za shinani, zishike maji. Linalotakiwa kuzama haraka hupewa za nchani. Mwenye mkia mmoja mezani ana majigi ya tabia mbalimbali ndani yake, na ni vidole vyake vitakavyomwambia akate wapi.

Akishakata kijishada chembamba, fundi hukishika kwa ncha na kuchana manyoya mafupi ya chini kwa kitana. Hayo hunenepesha fundo bila faida. Hukiweka shingoni, huzungusha uzi mara mbili kwa kulegeza, kisha huvuta. Mvuto huo mmoja ulinigharimu majuma. Vidole visipobana sawasawa, singa zote hukimbilia upande mmoja wa ndoana. Ukitia nguvu kupita kiasi, uzi hukatika mkononi na kila kitu hutawanyika mezani. Hurudiwa hivyo kishada baada ya kishada kuizunguka shingo, kisha uzi hufungwa kwa kupitishwa chini ya mizunguko yake wenyewe na kupakwa vanishi. Ncha hazipunguzwi kwa mkasi hata kidogo. Ncha ya asili ni nyembamba kuliko shina la singa, na wembamba huo ndio unaotikisika. Jigi lililosawazishwa kwa mkasi hupendeza mezani, likifika majini likafa.

Kosa langu lilikuwa wingi. Niliona aibu kufunga singa chache. Nilidhani samaki mkubwa anataka kishada kikubwa. Mzee aliligeuza jigi langu mara moja kwenye mwanga wa dirisha. "Punguza, mwanangu." Nikafungua, nikapunguza. "Bado." Nikapunguza tena, hadi mwanga ukapenya katikati ya singa. Hapo akalitia kwenye bilauri.

Kwa majigi madogo zaidi hutumika manyoya yanayoitwa marabu. Jina hilo linatokana na kongoti, ndege yule mkubwa mwenye kipara na mfuko shingoni tunayemwona kwenye majalala ya Kampala na juu ya miti ya Nairobi. Chini ya mkia wake kuna manyoya laini mno, ambayo zamani yalisafirishwa Ulaya kupamba mavazi ya wanawake. Leo wafungaji hutumia ya bata mzinga. Jina la kongoti limebaki.

Mashariki mwa Tennessee, Marekani, manyoya hayo hufanya kazi ninayoiona kuwa kilele cha ufundi huu. Wakati wa baridi kali, samaki wadogo wa rangi ya fedha, wa ukoo mmoja na dagaa papa, hulegea na kufa kwa ubaridi, wakielea huku wakitetemeka. Wavuvi wa huko huning'iniza jigi lisilofika gramu 2 chini ya boya dogo, mita 3 hivi kwenda chini, wakitumia ufito mrefu ili mshipi mrefu namna hiyo uweze kurushwa. Kisha hawafanyi kitu. Viwimbi hutikisa boya, boya hutikisa jigi, na manyoya hupumua.

Mwaka 1949 Nick Creme wa Akron, Ohio, alitengeneza mnyoo wa plastiki laini, na uvuvi wa besi haukurudi ulivyokuwa. Mnyoo wake unastahili heshima. Lakini plastiki humiminwa kwenye kalibu kwa maelfu, na singa hufungwa na mtu aliyeketi. Nadhani jigi lilisahauliwa kwa sababu hiyo kuliko kwa kushindwa kuvua.

Katika Ziwa Naivasha, jigi lina kazi yake maalumu. Besi mdomo-mkubwa waliletwa ziwani mwaka 1929 kwa uvuvi wa burudani. Mwaka 1970 waliletwa kamba wekundu wa Louisiana, na besi wakubwa wakawafanya chakula kikuu. Wageni wawili kutoka bara moja wamekutana kwenye mizizi ya mafunjo ya Bonde la Ufa. Kamba huyo akishtushwa hurudi nyuma kwa pigo la mkia, kisha hutua. Jigi la singa za kahawia zenye uwekundu kidogo, likiinuliwa kiganja kimoja kutoka kwenye matope na kuachwa lishuke, hufanya vivyo hivyo. Besi hulivuta kwa kufungua kinywa, wakati linaposhuka. Mkono mara nyingi hausikii chochote. Unautazama mshipi. Ukilegea kabla ya wakati wake, kaza.

Jigi langu la kwanza la kahawia limetafunwa hadi limebakiwa na theluthi ya singa zake, na rangi ya kichwa imekwisha. Ni jembamba kuliko mzee alivyowahi kuniagiza. Mwezi uliopita lilivua besi wawili katika asubuhi moja, na sijalifunga upya.