Zilipendwa Zisizotajwa: Uhakiki wa Kumbukumbu za Mashabiki wa Muziki wa Soul nchini Tanzania kwa Mtazamo wa Tarime na Serengeti

IKISIRI

Makala haya yanahakiki namna muziki wa soul wa miaka ya 1960 na 1970 unavyokumbukwa nchini Tanzania. Mahali pa kuanzia ni amri ya Novemba 1969 iliyopiga marufuku muziki huo jijini Dar es Salaam. Inajadiliwa kwamba kumbukumbu za mashabiki zimemweka mbele kijana wa kiume wa mjini. Zimewaacha nje wasichana, ambao miili na mavazi yao ndiyo yaliyozua mjadala, pamoja na vijana wa mikoani, ambao ngoma zao zilifanywa kipimo cha utamaduni halisi. Kwa kuitazama kumbukumbu hiyo kutoka wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, makala yanaonesha kwamba mpaka uliochorwa kati ya ngoma na soul ulikuwa mpaka wa kisiasa kuliko wa kisanaa.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha Tanzania, neno zilipendwa limekuwa jina la utanzu mzima wa muziki wa dansi wa zamani. Umbo lake linastahili kuangaliwa. Ni kitenzi cha kutendwa katika wakati uliopita, na aliyependa hatajwi. Nyimbo zilipendwa, lakini zilipendwa na nani, wapi, na kwa ruhusa ya nani, ni maswali ambayo neno lenyewe limeyafunika. Redio inapotangaza kipindi cha zilipendwa, msikilizaji hutarajia bendi zilizoimba kwa Kiswahili na kurekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Hatarajii kusikia James Brown, Otis Redding au Wilson Pickett, ingawa katika mwisho wa miaka ya 1960 vijana wengi wa Dar es Salaam waliwapenda wanamuziki hao kwa dhati.

Hivyo muziki wa soul una nafasi ya ajabu katika kumbukumbu ya taifa. Ulipendwa, lakini si miongoni mwa zilipendwa. Umebaki katika masimulizi ya watu waliokuwa vijana wakati ule. Husimulia suruali za pekosi, viatu vya raizoni, nywele zilizoachwa zikue, na madansi ya mchana yaliyoitwa bugi, ambayo wanafunzi waliweza kuyahudhuria na kurejea nyumbani kabla ya giza. Makala haya hayaulizi kama masimulizi hayo ni ya kweli. Yanauliza yamejengwaje, na yamemsahau nani.

2.0 Mkabala wa Nadharia

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo ya wataalamu watatu. Maurice Halbwachs aliweka msingi kwamba mtu hakumbuki peke yake. Hukumbuka ndani ya fremu anazopewa na kundi lake. Svetlana Boym (2001) alitofautisha aina mbili za hamu ya wakati uliopita. Moja hutaka kuirejesha nyumba iliyopotea kama ilivyokuwa, na nyingine huitafakari hamu yenyewe na kukubali kwamba nyumba hiyo ilikuwa na nyufa.

Mtaalamu wa tatu anatoka katika tafiti za mkoa wa Mara. Jan Bender Shetler (2019) ameonesha kwamba katika jamii za mkoa huo wanaume na wanawake hawahifadhi historia ileile. Masimulizi ya wanaume huelekea kwenye ukoo, kabila na eneo, na husimuliwa hadharani kama historia rasmi. Kumbukumbu za wanawake hufuata mitandao ya undugu, ndoa na urafiki inayovuka mipaka hiyo, na kwa kuwa hazisimuliwi kwa sauti ya jukwaani, mara nyingi hazihesabiwi kuwa historia. Nadharia hii imezaliwa kutokana na vijiji vya Mara, lakini inafaa pia kupima kumbukumbu za mjini. Kwa kawaida nadharia hutoka mjini kwenda kupimwa kijijini. Hapa mwelekeo umegeuzwa kwa makusudi.

3.0 Marufuku na Muktadha Wake

Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba Waafrika wengi wasomi walijua kucheza dansi za kigeni huku wakiwa hawazijui ngoma za makabila yao. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Ukoloni ulikuwa umewafundisha watu kudharau vyao, na taifa jipya lilihitaji kujivunia kitu. Hata hivyo, hoja hiyo ilibeba pia mgawanyo ambao ungeleta matatizo baadaye, yaani ngoma upande wa taifa na dansi upande wa ugeni.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mgawanyo huo ulipata makali. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Ililenga vimini, mawigi, krimu za kung'arisha ngozi na suruali za kubana. Hata kabla ya tarehe hiyo, vikundi vya vijana wa kiume viliwashambulia wanawake katika eneo la Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Novemba 1969 ilifuata amri ya Mustafa Songambele, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, ya kupiga marufuku muziki wa soul. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa.

Andrew Ivaska (2011), aliyechunguza kipindi hiki kwa kina, ameonesha kwamba amri hiyo haikupokelewa kimya. Barua za wasomaji magazetini ziliipinga na kuitetea. Hoja nzito ya wapinzani ilikuwa kwamba soul ni muziki wa watu weusi wa Marekani, yaani wa ndugu waliochukuliwa Afrika kwa nguvu, na kwamba kuuita ugeni ni kuwakana ndugu hao. Hoja hii haikuwa ya watoto waliotaka tu kucheza. Iligusa swali la msingi la siasa za wakati ule, yaani Uafrika unaanzia wapi na unaishia wapi.

Ukinzani huo unaonekana vizuri zaidi ukilinganishwa na mambo mengine ya wakati huo. Dar es Salaam ilikuwa kimbilio la wapigania uhuru na wanaharakati weusi kutoka Marekani, na Juni 1974 ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, Kinshasa ilimpokea James Brown katika tamasha lililoandaliwa sambamba na pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman. Serikali ya Zaire ilikuwa na siasa yake ya kurejea kwenye asili, kali kuliko ya Tanzania katika mambo mengi, lakini ilimweka mwanamuziki huyo jukwaani pamoja na Franco na Tabu Ley. Siasa mbili zilizodai kuilinda asili ya Mwafrika zilifikia uamuzi tofauti kuhusu muziki uleule. Kwa hiyo uamuzi haukutoka ndani ya muziki. Ulitoka kwa aliyekuwa na mamlaka ya kuamua.

4.0 Kinachokumbukwa na Kinachoachwa

Kumbukumbu za mashabiki wa soul zina sifa tatu. Ya kwanza ni kwamba ni kumbukumbu za mwili kuliko za sauti. Bendi zilizopiga mtindo huo katika kumbi ziliacha rekodi chache, kwa kuwa studio iliyotegemewa ilikuwa ya redio ya taifa na ilipendelea nyimbo za Kiswahili zilizolingana na malengo ya nchi. Mfano wa nadra wa kilichosalia ni kazi za Sunburst, bendi iliyoundwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa na wanamuziki kutoka nchi kadhaa. Albamu yao, Ave Africa, ilitolewa mwaka 1976 nchini Zambia, na ilichapishwa tena mwaka 2016 na kampuni ya Uingereza. Shabiki wa Tanzania aliyetaka kuisikia upya sauti ya ujana wake ilimpasa kuinunua kutoka ng'ambo. Pasipo rekodi, mwili ndio uliohifadhi: mguu unakumbuka hatua, bega linakumbuka mtikisiko. Kumbukumbu ya namna hii ni ya thamani, lakini hufa pamoja na mwenye mwili.

Sifa ya pili ni kwamba marufuku yenyewe imekuwa sehemu ya utamu. Katika masimulizi, kilichokatazwa hung'aa kuliko kilichoruhusiwa, na kila aliyekuwepo hugeuka kuwa mwasi mdogo. Hii ndiyo hamu ya kurejesha aliyoieleza Boym. Inajenga nyumba isiyo na nyufa, ambamo vijana wote walikuwa upande mmoja na wakubwa upande mwingine. Ukweli wa kihistoria unakataa picha hiyo. Operesheni Vijana ilitekelezwa na vijana. Waliowazomea wasichana Kariakoo walikuwa wa rika moja na waliocheza bugi, na si ajabu baadhi yao walikuwa watu walewale. Masimulizi yanayomtaja askari na mkuu wa mkoa bila kumtaja kijana mwenzao aliyeinua mkono yanaisafisha historia ya rika zima.

Sifa ya tatu, na nzito kuliko zote, ni nafasi ya msichana. Katika barua za wakati ule alikuwa kiini cha ugomvi: je, mwanafunzi wa kike afike kwenye dansi au asifike; sketi yake iishie wapi; mishahara na fedha za wanaume zimvute au zisimvute. Katika kumbukumbu za leo amegeuzwa kuwa pambo. Anatajwa kama mwenzi wa kucheza, mrembo wa ukumbi, jina lililosahaulika. Ni mara chache anapewa nafasi ya kuwa shabiki mwenye masikio yake, aliyechagua muziki, aliyebeba hatari kubwa kuliko mwanamume kila alipotoka nyumbani. Mvulana aliyevaa pekosi alihatarisha suruali. Msichana aliyevaa kimini alihatarisha mwili, jina na nafasi ya shule. Kumbukumbu inayowaweka wawili hawa katika sentensi moja ya "tulifurahia ujana" haijasema uongo, lakini imefuta tofauti ya bei waliyolipa.

5.0 Mtazamo kutoka Tarime na Serengeti

Amri ya mwaka 1969 ilikuwa ya mkoa mmoja. Haikuihusu Tarime. Katika ramani ya sera ya utamaduni, mtu wa Tarime au Serengeti hakuhesabiwa kama mteja wa soul bali kama mwenye ngoma. Alikuwa ndiye mfano ambao kijana wa Dar es Salaam alitakiwa kuuiga. Hapa ndipo mgawanyo wa ngoma na dansi unapoporomoka.

Ngoma za Wakurya si masalia yaliyohifadhiwa kwa ajili ya maonesho ya taifa. Ritungu, ala ya nyuzi 8 yenye mlio mzito, hupigwa na fundi anayesifu, anayekejeli na anayetoa habari za siku hiyo. Wachezaji hujipamba, na katika baadhi ya ngoma huvaa viatu vizito vya mbao vinavyomwinua mchezaji na kuufanya mguu wake kuwa ala. Vijana wa rika moja huonwa na kuonana, sifa hupatikana na uchumba huanza. Mtu akiyaorodhesha mambo haya bila kutaja mahali, yaani mavazi ya kuvutia macho, viatu vya kunyanyua, vijana wa kiume na wa kike kukutana, mwili kusema kile ambacho mdomo hauruhusiwi, msomaji hawezi kujua kama inasemwa ngoma ya Tarime au bugi ya Dar es Salaam. Kilichosifiwa kijijini kama utamaduni ndicho kilichoadhibiwa mjini kama upotofu.

Wala kijiji chenyewe hakikuachwa kwa amani. Katika kipindi hichohicho cha mwisho wa miaka ya 1960, serikali iliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache mavazi yao na wavae nguo za kisasa. Msichana wa mjini aliambiwa amevaa kisasa mno, mfugaji akaambiwa hajavaa kisasa vya kutosha. Taifa halikuwa linalinda jadi dhidi ya usasa. Lilikuwa linadai haki ya kuamua kipimo cha vyote viwili. Kwa jamii za Mara, zenye historia ndefu ya kupeleka vijana wao jeshini na polisi, hali hii ilikuwa na kinaya cha ziada. Kijana aliyekulia kwenye ritungu angeweza kujikuta mjini akiwa amevaa sare ya wale waliotakiwa kuutunza utaratibu mpya.

Ikiwa hoja ya Shetler kuhusu Mara itachukuliwa kwa uzito, basi njia ya kuikamilisha kumbukumbu ya soul si kuongeza majina ya bendi wala ya kumbi. Orodha za namna hiyo ni sawa na nasaba za koo: zina ukweli, lakini ni ukweli wa jukwaani. Kinachokosekana kipo katika mitandao. Ni nani aliyemshonea nani kimini, dada gani alimficha mdogo wake aliporudi amechelewa, rafiki gani aliazima viatu. Kumbukumbu za aina hiyo hazina bendi wala tarehe, na kwa sababu hiyo zimeachwa nje ya historia ya muziki. Wanawake waliozibeba sasa ni bibi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kumbukumbu za mashabiki wa soul zimetenda jambo lenye thamani: zimehifadhi furaha ambayo kumbukumbu rasmi haikuipa nafasi. Udhaifu wake ni kwamba zimerithi mipaka ya amri ileile zinayoilalamikia. Amri iliugawa ulimwengu kati ya mji na shamba, nazo zimeusahau upande wa shamba. Amri ilimfanya msichana kuwa jambo la kujadiliwa badala ya mtu wa kusikilizwa, nazo zimemwacha hapohapo.

Inapendekezwa kwamba tafiti za muziki wa dansi nchini zianze kukusanya kumbukumbu za wanawake waliohudhuria bugi kwa bidii ileile inayotumika kutafuta kanda za zamani, na kwamba ngoma za wilaya kama Tarime na Serengeti zihakikiwe kama sanaa za vijana wa wakati wao. Kanda iliyopotea huenda ikapatikana katika ghala. Kumbukumbu ya bibi ambaye hakuulizwa haina ghala.