Mlo na Lishe: Uhakiki wa Hoja ya Uwazi katika Siasa ya Chakula, kwa Mtazamo wa Kamenge, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna wataalamu wanavyoeleza nguvu ya viwanda vya chakula na vinywaji juu ya imani za umma kuhusu ulaji unaofaa. Sehemu kubwa ya maandishi hayo huchunguza sayansi inayofadhiliwa na viwanda na kupendekeza uwazi kuwa tiba. Kwa kuitazama Kamenge, eneo la kaskazini mwa jiji la Bujumbura, makala yanatetea hoja kwamba pale ambapo dola ni mbia wa kiwanda, na ujumbe wa kiwanda hupita ukutani, karamuni na katika lugha ya kila siku, kumtaja mfadhili hakutoshi. Kinachohitajika ni kanuni inayosimamia neno na picha.

Utangulizi

Kamenge ndiko iliko hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Burundi, inayojulikana pia kwa jina la Roi Khaled. Humo madaktari wa kesho hujifunza kumtambua mtoto aliyedumaa na kumshauri mama yake juu ya maharage, mboga za majani na dagaa. Mama huyo akitoka nje ya lango la hospitali hukutana na mwalimu mwingine. Kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, kuta za baa na vibanda zimepakwa rangi za kampuni za vinywaji, na mwenye kibanda hupata bango na rangi bila ya kulipa. Mwalimu huyu hana cheti wala hatoi mtihani, lakini darasa lake halifungwi.

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2016–2017 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa. Jijini Bujumbura kiwango hicho ni cha chini kuliko vijijini, lakini jiji ndilo linaloonja kwanza bidhaa za viwandani na ndilo linalowaonyesha wengine maisha mazuri yanavyofanana. Kwa hiyo swali la nani anafundisha ulaji Kamenge haliishii Kamenge.

Hoja ya uwazi na chimbuko lake

Mjadala wa kimataifa kuhusu suala hili umejengwa juu ya matukio machache mashuhuri. Mwaka 2016, Cristin Kearns na wenzake walichapisha nyaraka zilizoonyesha kwamba katika miaka ya 1960 taasisi ya utafiti ya wenye viwanda vya sukari nchini Marekani iliwalipa watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ili waandike mapitio yaliyopunguza lawama ya sukari katika maradhi ya moyo na kuielekeza kwenye mafuta. Mapitio hayo yalitoka mwaka 1967 katika New England Journal of Medicine bila ya kumtaja mfadhili. Mwaka 2015 ilibainika pia kuwa Coca-Cola ilikuwa imetoa dola milioni 1.5 kusaidia mtandao wa wanasayansi waliosisitiza mazoezi ya mwili kuliko kupunguza kalori katika kupambana na unene. Mtandao huo ulivunjwa kabla ya mwaka kwisha.

Marion Nestle, ambaye licha ya jina lake hana uhusiano na kampuni ya Nestlé, ndiye aliyeupa mjadala huu umbo lake katika vitabu vyake Food Politics (2002) na Unsavory Truth (2018). Kazi yake ni pana kuliko inavyonukuliwa. Anaeleza ushawishi wa viwanda bungeni na shuleni, na anaonyesha jinsi Wizara ya Kilimo ya Marekani ilivyovaa kofia mbili, moja ya kukuza soko la mazao na nyingine ya kumshauri raia ale nini. Hata hivyo, sehemu ya kazi hiyo iliyopokelewa kwa urahisi zaidi katika sera ni ile ya uwazi, yaani mtafiti amtaje aliyemlipa na jarida litangaze mgongano wa maslahi.

Uwazi huo una thamani, lakini umejengwa juu ya dhana tatu. Kwanza, kwamba imani ya umma hutoka katika sayansi, hupita kwa daktari na mwandishi wa habari, kisha humfikia mlaji. Pili, kwamba kiwanda na dola ni pande mbili zinazotenganishika. Tatu, kwamba mlaji akishajua nani amelipa, ataipima taarifa upya. Dhana zote tatu hudhoofika zinapofika Kamenge.

Dola yenye hisa

Brarudi, kampuni kubwa ya bia na soda nchini Burundi, ilianzishwa mwaka 1955. Hisa zake nyingi ni za Heineken ya Uholanzi, na takriban asilimia 40 ni za dola ya Burundi. Ndiyo inayotengeneza Primus na Amstel, na ndiyo iliyozoeleka kuzijaza chupa za Coca-Cola na Fanta nchini humo. Kwa miaka mingi imehesabiwa miongoni mwa walipakodi wakubwa wa taifa. Sukari nayo ina historia kama hiyo, kwani SOSUMO, kampuni ya sukari ya Moso, iliundwa katika miaka ya 1980 kwa mkono wa dola.

Basi kofia mbili alizozieleza Nestle huko Marekani, hapa zimeshonwa zikawa moja. Serikali inayotakiwa kumwambia raia apunguze bia na soda hupokea kodi ya kila chupa na gawio la faida juu yake. Hakuna siri ya kufichua, kwa kuwa umiliki huo unajulikana na haumshangazi mtu. Ugumu uko katika mgongano wa maslahi uliozoeleka hata ukaonekana kuwa sehemu ya mandhari. Uwazi una nguvu dhidi ya jambo lililofichwa. Dhidi ya jambo linalojulikana na wote, hauna la kuongeza.

Matokeo ya hali hii huonekana katika kipimo cha dharura. Vinywaji vya Brarudi vilipoadimika katika miaka ya hivi karibuni kwa uhaba wa fedha za kigeni, uhaba huo ulijadiliwa hadharani kama shida ya taifa, na bei ya chupa ikawa habari. Kudumaa kwa watoto, ambako ni uhaba wa miaka mingi, hakujapata kuandikwa kwa herufi kubwa kiasi hicho. Umma hujifunza lipi ni muhimu kwa kutazama lipi linawashughulisha wakubwa, na somo hilo hufika bila ya tangazo lolote.

Neno linavyofanya kazi

Njia ambayo imani husafiri ndiyo inayohitaji kuhakikiwa zaidi. Nchini Burundi, katika mazungumzo ya kila siku, soda yoyote huitwa fanta. Jina la bidhaa moja limekuwa jina la jamii nzima ya vinywaji, na pamoja na jina imekuja hadhi. Fanta ni kinywaji cha asiyekunywa pombe, cha mtoto, cha mgeni wa heshima. Katika sherehe, kreti za bia na za fanta hupangwa mahali zinapoonekana, nazo ni ushahidi kwamba mwenye shughuli hakuwanyima watu. Katika mazingira hayo, kumwambia mzazi kwamba chupa hiyo ni maji na sukari ni sawa na kumwambia kwamba ukarimu wake una kasoro. Sayansi haikuhusika kuijenga imani hii, na haitaweza kuibomoa peke yake.

Mfano wa Lucozade unaonyesha kwamba jambo hili lina historia ya kikanda. Kinywaji hicho kilibuniwa na mfamasia wa Newcastle mwaka 1927 na kwa miongo mingi kiliuzwa Uingereza kama msaada wa kupata nafuu. Mwaka 1983 kampuni ilibadili kaulimbiu yake na kukiuza kama chanzo cha nguvu kwa watu wazima wenye afya. Lakini Afrika Mashariki ilikuwa imeshalipokea lile somo la kwanza, na chupa hiyo iliendelea kupelekwa kwa wagonjwa wodini pamoja na matunda. Mwenye bidhaa anaweza kuliacha neno lake, na neno likabaki kwa watu likimfanyia kazi bila ya malipo.

Kiswahili chenyewe kina kipimo cha kuichambua hali hii. Maneno mlo na lishe yana asili moja, kitenzi -la. Mlo ni tendo la mlaji: hula. Lishe hutokana na -lisha, na ndani yake kuna mtendaji wa pili, yule anayelisha. Kila inapotamkwa lishe bora, sarufi huuliza swali ambalo sera haiulizi: ni nani anayemlisha nani? Neno likichapwa kwenye pakiti ya unga au mafuta, jibu lake ni kiwanda. Mpishi wa sombe na maharage hana pakiti ya kuandika, na kwa hiyo chakula chake hubaki kuwa mlo tu, yaani chakula cha kawaida kisicho na sifa.

Mawese yanaonyesha jambo hili waziwazi. Mafuta mekundu ya mawese, yanayozalishwa kwa wingi Rumonge, kusini mwa Bujumbura, yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kiwanda kinapoyasafisha na kuyaondolea rangi, karotini karibu yote hupotea. Baada ya hapo vitamini A huweza kuongezwa, na nyongeza hiyo huandikwa kwenye chupa. Mnunuzi husoma kuhusu kilichoongezwa, wala haoni popote pameandikwa kilichoondolewa. Unga wa mahindi uliokobolewa nao ni hivyo hivyo: kiini na pumba huenda kwa mifugo, kisha virutubishi vichache hurudishwa na kutangazwa. Kuongeza virutubishi si kosa. Chumvi yenye madini ya joto imepunguza rovu katika nchi nyingi, na nyongeza ya vitamini huwasaidia wasio na chaguo jingine. Kinachohojiwa ni haki ya kuitwa lishe, ambayo chakula huipata kwa kupita kiwandani.

Pingamizi mbili

Yaweza kusemwa kwamba mkazi wa Kamenge hapotoshwi na mtu, kwamba kinachomwongoza ni umaskini na wala si imani. Pingamizi hili lina uzito. Hakuna kampeni ya lishe inayoweza kushika nafasi ya kipato, na mtaa uliopitia vita vya miaka ya 1990 hauhitaji kufundishwa maana ya njaa. Lakini umaskini huweka mpaka wa matumizi, na ndani ya mpaka huo bado kuna uamuzi. Fedha inapokuwa ndogo, imani juu ya kipi kinatia nguvu na kipi kinaleta heshima huwa na gharama kubwa zaidi, kwa sababu hakuna akiba ya kurekebisha kosa.

Pingamizi la pili ni la hazina ya serikali: kodi ya vinywaji hulipia zahanati na mishahara ya wauguzi. Ni kweli, na ndiyo sababu suala hili haliwezi kutatuliwa kwa kuitaka serikali ijitoe kesho. Lakini ushuru wa afya, kama ule ulioanza kutozwa juu ya vinywaji vyenye sukari Afrika Kusini mwaka 2018, unaonyesha kuwa mapato na tahadhari vyaweza kutoka katika chupa moja. Lisilowezekana ni mwenye hisa kuwa pia mwalimu pekee wa mnywaji.

Kutoka uwazi hadi kanuni ya neno

Afrika Mashariki ina urithi wake katika uhakiki huu. Derrick Jelliffe, daktari wa watoto aliyefundisha Makerere katika miaka ya 1960, ndiye aliyekuja kuipa jina dhana ya utapiamlo uletwao na biashara, akimaanisha madhara ya kutangaza maziwa ya unga kwa akina mama wasio na maji safi wala fedha za kutosha. Mjadala huo ulizaa Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1981 kwa kura 118 dhidi ya moja, ya Marekani.

Umuhimu wa Kanuni hiyo kwa hoja ya makala haya uko katika mbinu yake. Haikutosheka na kumtaka mfadhili ajitaje. Ilisema matangazo kwa umma yasiwepo, sampuli za bure zisigawiwe kwa mama, picha na maneno yanayoyapamba maziwa ya kopo yasiwekwe kwenye lebo, na kituo cha afya kisiwe mahali pa kuitangazia bidhaa. Ilishika neno, picha na mahali. Kenya iliifanya kuwa sheria mwaka 2012. Utekelezaji wake una mapengo katika nchi nyingi, lakini inaonyesha kwamba ukuta na lebo vinaweza kuwekwa chini ya sheria.

Hitimisho

Uhakiki huu unaelekeza kwenye hatua tatu zinazowahusu washauri wa sera. Kwanza, taasisi ya dola inayosimamia hisa za viwanda vya vinywaji na sukari itenganishwe, kwa sheria na kwa bajeti, na ile inayotoa elimu ya lishe. Pili, matangazo ya bia na soda yaondolewe kwenye kuta zilizo jirani na shule na hospitali, na Kamenge, yenye hospitali ya kufundishia, ni mahali panapofaa kuanzia. Tatu, viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu vyakula vilivyoongezwa virutubishi vidai lebo iseme pia kilichoondolewa, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikishwe katika kuweka maana ya maneno kama lishe, asilia na nguvu yanapotumika kuuzia bidhaa.

Hatua ya tatu yaweza kuonekana ndogo mbele ya zile mbili za kwanza. Lakini bidhaa zenye maandishi ya Kiswahili huvuka mpaka kutoka Tanzania na kuuzwa Bujumbura, na lebo inayopindisha maana upande mmoja huipindisha upande wa pili pia. Wataalamu wa lugha wamezoea kuitwa kutafsiri kampeni ya lishe ikiwa imeshaandikwa. Wanapaswa kuwapo inapoamuliwa ni nani mwenye haki ya kulitumia neno lishe, na kwa sharti gani.