Ya Juu, ya Kati, ya Chini

Pale soko la mitumba la Karume, upande wa Mchikichini, mnunuzi anayeijua nguo haanzi na lebo. Analichukua shati, analigeuza upande wa ndani, anapitisha kidole gumba kwenye mshono wa bega, kisha anavuta kidogo kuona kama uzi umeshika. Lebo itamwambia shati limetoka nchi gani. Mshono ndio utakaomwambia litavaliwa mpaka lini. Mimi nilijifunza kuitazama michezo ya video kwa namna hiyo hiyo, na nilijifunzia hatua chache kutoka sokoni, ndani ya kibanda cha gemu, chumba cha uani chenye televisheni tatu za kichogo, mabenchi mawili ya mbao, na kanga iliyotundikwa mlangoni ili jua lisipige kwenye vioo.

Mchezo wenyewe ulikuwa Tekken 3. Kampuni ya Namco ya Japani iliutoa mwaka 1997 kwenye mashine kubwa za kumbi za michezo, mwaka uliofuata ukaingia kwenye PlayStation, na sisi tukaja kuupata baadaye kwa sidii za kunakili, jina limeandikwa juu yake kwa kalamu nene. Hapakuwa na kasha wala kijitabu. Aliyetaka hadithi ilibidi aichume kwenye kioo, na kwenye kioo ilikuwa haba.

Niseme wazi kwamba hadithi ya Tekken ni dhaifu. Mzee Heihachi Mishima anamtupa gengeni mwanawe Kazuya angali mtoto. Mtoto anakua, anarudi, anamshinda baba yake na kumtupa kwenye genge lile lile. Katika mchezo wa pili, wa mwaka 1995, baba amerudi, na sasa anamtupa mwana ndani ya volkano. Katika wa tatu anaingia mjukuu, Jin, ambaye mama yake ametoweka baada ya kushambuliwa na zimwi. Babu anampokea, anamfundisha kupigana miaka minne, na Jin akishalimaliza zimwi, babu anampiga risasi. Katika mchezo wa saba Kazuya anamtupa mzee kwenye lava, tukaambiwa safari hii amekwenda moja kwa moja. Mwaka 2024 akarudishwa kwenye mchezo wa nane. Steringi hafi, tulikuwa tukisema kwenye mabanda ya video, lakini huku hata adui hafi. Mtu anayeanguka huku ukijua atarudi, kuanguka kwake hakukugusi.

Ukitaka kuona hadithi inaweza kulifanyia nini pigo moja, mkumbuke Fumo Liongo. Masimulizi ya pwani yanasema shujaa yule hakuuawa kwa mkuki wala kwa mshale. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba, nayo ichomwe kitovuni, na aliyekuja kuichoma ni mwanawe wa kuzaa, baba akiwa usingizini. Ni pigo moja tu, ambalo hata mtoto angeweza kulipiga, na mtoto ndiye aliyelipiga. Muhamadi Kijumwa alipotunga utenzi wake mwaka 1913, habari ile ilikuwa imeshapita vizazi kwa vizazi na bado ilikuwa ikiwauma watu. Liongo anaamka na maumivu, anachukua upinde wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta mshale, na roho inamtoka akiwa katika hali ile ile ya kulenga. Watu wa mji wanakaa na kiu kwa kuiogopa maiti. Tekken ina mapigo kwa maelfu na hakuna hata moja lenye uzito wa sindano ile. Naupenda mchezo huu mno kiasi kwamba siwezi kuionea haya kasoro yake.

Ila mshono wake! Hapo ndipo ninapovua kofia.

Anza na pedi. Vitufe vinne vya upande wa kulia ni viungo vinne vya mwili: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu ni mkono wa kulia, msalaba ni mguu wa kushoto, duara ni mguu wa kulia. Basi. Mtoto wa miaka saba anaelezwa mara moja na hasahau, kwa sababu hakuna cha kukariri, mwili anao. Mchezo mwingine, Street Fighter, ulikuwa umepanga vitufe kwa nguvu ya pigo, dogo, la wastani, kubwa, na mpango ule una uzuri wake. Lakini aliyeamua kumgawia kila mchezaji mikono na miguu yake mwenyewe alifanya jambo ambalo hadithi nyingi zinashindwa kulifanya kwa saa mbili: alimwingiza mtu ndani ya mtu mwingine kabla hata mpambano haujaanza.

Kisha kuna urefu wa mapigo. Ya juu, mwenzako akiinama inapita hewani. Ya kati inamkuta huyo huyo aliyeinama. Ya chini haizuiliki ukiwa umesimama, lazima ushuke nayo. Kwa hiyo kila namna ya kujikinga ina tundu lake, na anayekaa salama mno mahali pamoja ndiye anayeumia. Ukiinama kwa kuogopa miguu, utaletewa ya kati. Ukisimama kwa kuogopa ya kati, utafagiliwa chini. Hakuna pa kujificha, lakini pia hakuna dhuluma, maana kila kilichokupiga kilikuwa na jibu lake, na jibu ulikuwa nalo mkononi. Kibandani hatukuwa na maneno ya kitaalamu. Waliokaa nyuma walipiga kelele “chini! chini! kati!” na kwa maneno hayo matatu tulifundishana somo zima.

Na ndani ya kila pigo kuna maisha ya sehemu tatu: kujiandaa, kufika, na kurudi. Mashine inachora picha 60 kwa sekunde moja, na kila pigo limepewa idadi yake ya picha katika kila sehemu. Mtu fulani alikaa ofisini Japani akaamua kwamba ngumi kubwa ya mpiganaji Paul, ile anayoivuta kutoka nyonga, itachelewa kidogo kutoka na itachelewa zaidi kurudi. Ikifika, sehemu kubwa ya uhai wa mwenzako imekwenda. Ikikosa, Paul anabaki ameunyoosha mkono kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba isiyo na wenyewe, na hapo unamfanya unavyotaka. Anayeshona ngumi namna hiyo anakupimia bei. Kila tamaa ina gharama yake na gharama unaiona mbele ya macho. Ukiongeza picha chache kwenye kurudi kwa mguu, mchezaji mwoga anakuwa mwoga zaidi, na ukizipunguza, mwenye pupa anatawala kibanda. Kazi hii ni ya mafundi wa cherehani: nusu inchi kiunoni ndiyo inayotenganisha suruali inayokaa na suruali inayovuta.

Niseme pia kwamba ufundi huu una bahati zake. Kombo, yaani mapigo yanayofuatana bila kumpa mtu nafasi ya kupumua, ambayo leo ndiyo roho ya michezo yote ya mapigano, haikupangwa na mtu. Kampuni ya Capcom ikitengeneza Street Fighter II, iliyotoka mwaka 1991, mtayarishaji Noritaka Funamizu aliona kwenye sehemu ya mchezo ya kubomoa gari kwamba pigo likiwahiwa sawasawa linaungana na lingine. Ilikuwa hitilafu ya programu. Akadhani ni ngumu mno kwa mtu yeyote kuitumia, akaiacha ilivyo. Fundi mwingine angeishona ile nafasi ikafungika, kazi ikaonekana safi zaidi, na vidole vya ulimwengu mzima visingekuwa na pa kupitia.

Watu wa Namco walikwenda kutafuta mwili wa kweli. Eddy Gordo, Mbrazili wa Tekken 3, anapigana kwa capoeira, na mienendo yake ilinaswa kutoka kwa mwalimu wa capoeira, Marcelo Pereira. Kibandani tulimpenda Eddy kabla hatujajua capoeira ni nini. Hasimami. Hata akisubiri, magoti yanapiga mdundo, mkono unashuka na mwingine unapanda, kana kwamba ngoma inapigwa chumba cha pili. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba capoeira ililelewa na Waafrika waliopelekwa Brazili utumwani, wengi wao kutoka upande wa Angola, nikakumbuka jinsi miguu yetu chini ya benchi ilivyokuwa ikitikisika pamoja na yake. Hadithi ya Eddy mle ndani ni kisasi cha kuuawa kwa baba, kama visasi mia vya filamu. Alichobeba mwilini kina umri mkubwa kuliko hadithi hiyo na ukweli zaidi.

Lakini wa kwangu mimi alikuwa Mokujin. Huyu ni mtu wa mti, gogo lililochongwa mikono na miguu. Kila raundi inapoanza anachukua mtindo wa mpiganaji mwingine bila kukuambia ni nani. Una nafasi fupi ya kumtazama. Akiyumba kwa mdundo, ni Eddy. Akirukaruka na ngumi nyepesi mbele ya kifua, ni Law, yule aliyeumbwa kwa mfano wa Bruce Lee. Akiinamisha mabega na kupanua mikono ya kukaba, ni King. Usipomtambua upesi, unalipa. Waandishi wa hadithi walimpa mti ule vijineno vichache. Waliomsimamisha walimfanya awe shule, na somo lake lilikuwa kwamba mtu anajulikana kwa anavyosimama.

Somo hilo tulilihamishia kwetu wenyewe bila kuambiwa. Kwenye mabanda ya video ya zama zile, filamu ya kigeni yenye hadithi nyembamba ilikuwa na mtu wa kuiokoa. Sauti ya Lufufu na watafsiri wenzake ilipita juu ya Kichina na Kiingereza, ikawapa adui na steringi majina ya utani, ikaongeza matusi mepesi na mawaidha, hadi filamu ikawa ya Dar es Salaam. Nawaheshimu sana mafundi wale. Kwenye gemu mtafsiri hakuwa na nafasi, maana hakuna anayejua kitakachofuata. Kwa hiyo wale waliokuwa wakingoja zamu wakawa wasimuliaji, na waliyemsimulia hakuwa Jin wala Heihachi. Alikuwa dogo aliyeshika pedi.

Kulikuwa na mmoja wa upande wa bondeni, kuelekea Jangwani, mpole kupita kiasi, hujapata kumsikia akigombana kwenye foleni ya maji. Akishika pedi alikuwa hakupi pumzi. Kulikuwa na mwingine mwenye mdomo mkubwa kuliko wote, ambaye mchezo wake ulikuwa wa kurudi nyuma, kurudi nyuma, kungoja ukose, ndipo aguse na kurudi tena. Aliwaogopa watu. Sikuwahi kumwambia, na yeye hakuwahi kusema, lakini benchi zima lilijua. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa pigo la chini. Ukiniona nimepoteza raundi ya kwanza, ujue ya pili nitafagia miguu mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka ionekane usoni. Mwenye kibanda, ambaye sote tulimwita braza, alikaa mlangoni ametupa mgongo, anahesabu sarafu, na kwa kusikiliza vitufe tu alikuwa anajua nani anacheza na nani. “Dogo, leo umekasirika,” aliwahi kuniambia bila kugeuka. Nyumbani hakuna aliyekuwa ameona.

Ndiyo maana nasema waliosuka ngumi za Tekken 3 walijua kusawiri watu. Hawakumsawiri Jin, ambaye mpaka leo nisingeweza kukueleza anapenda nini. Walitengeneza lugha ya mapigo yenye sarufi imara kiasi kwamba kila aliyeisema alijisema. Mwoga alisikika, na mwenye subira alisikika. Mchezo wenye mapigano ya hovyo, ambamo kitufe chochote kinaleta ushindi, haumwonyeshi mtu yeyote, hata ukiwekewa hadithi tamu namna gani kati ya raundi na raundi.

Jioni moja walikutana wale wawili, mpole wa bondeni na mdomo mkubwa, raundi moja kwa moja, ya tatu ndiyo ya kuamua, na anayefungwa anampisha mwingine. Uhai umebaki kidogo pande zote mbili. Umeme ukakatika. Vioo vikafumba, vikaacha nukta nyeupe katikati, nayo ikazimika. Braza akasema pesa harudishi ila umeme ukirudi wataanza upya, na sisi tukaanza kunyanyuka. Wao hawakunyanyuka. Walikaa gizani bado wameshika pedi.

“Nilikuwa nimeshaivuta ya chini,” akasema wa bondeni.

“Nimeshuka. Nimeizuia.”

“Ukishuka nakupa ya kati.”

“Ya kati yako inachelewa. Narudi nyuma, inakosa.”

“Sawa, inakosa. Halafu?”

Kimya. Mtu akawasha kiberiti, akaambiwa azime. Sote tulikuwa tunahesabu, kila mmoja kichwani mwake, ile ngumi imenyooka, bado haijarudi, bado.

“Halafu naingia,” akasema mdomo mkubwa taratibu. “Naingia na ngumi mbili.”

Wa bondeni alifikiri kidogo. Tukasikia akiiweka pedi juu ya benchi.

“Haya,” akasema. “Umenifunga.” Akasogea, akampisha aliyekuwa akifuata.