Bakuli la Maua na Macho ya Mnunuzi

Katika minada ya Chemba, kando ya mbuzi na magunia ya alizeti, hakosekani mtu aliyetandaza turubai la vyombo: mabakuli ya bati yenye maua, masinia, makombe, mabeseni, chupa za chai. Vingi vimetoka China, na vingine vimeigwa kutoka huko. Wanunuzi huuliza ukubwa na bei. Mimi nawashauri wakague na picha, kwa sababu picha humuumbua fundi mvivu haraka kuliko kitu kingine chochote.

Lakini mwili wa chombo uje kwanza. Hiki ni chuma chembamba kilichopakwa unga wa kioo, kikachomwa tanurini kwa joto la nyuzi 800 hivi hadi kioo kikayeyuka na kushikana na chuma. Kioo hakipindi. Kwa hiyo libane bakuli kwa vidole gumba: likibonyea, lirudishe turubaini, maana siku ya kwanza litakapoanguka jikoni litabanduka. Kisha pitisha kidole ukingoni, ambako rangi huwa nyembamba kuliko kwingine. Kijitundu cha ncha ya sindano kinatosha kukaribisha kutu.

Sasa picha. Kule Kolo, katika wilaya ya Kondoa ambayo Chemba ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012, kuna michoro ya miambani iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, na wataalamu bado wanabishana inasema nini. Michoro ya bakuli la Kichina haina ubishi wa namna hiyo. Maana zake zinajulikana, na nyingi zimejengwa juu ya matamshi. Samaki hutamkwa *yu*, sawa na neno lenye maana ya ziada; akichorwa pamoja na yungiyungi, picha inaomba neema mwaka hadi mwaka. Popo hutamkwa *fu*, sawa na baraka, ndiyo maana popo watano huzungushwa kwenye chombo cha zawadi. (Huku kwetu ukimpa bibi harusi bakuli la popo, jiandae kutoa maelezo.)

Hapa ndipo jicho linapolipa. Chukua bata wawili wanaoelea pamoja, alama ya mapenzi ya ndoa. Bata hao ni dume na jike, nao hawafanani hata kidogo: dume ana rangi nyingi na manyoya ya rangi ya chungwa yaliyosimama mgongoni, jike ni wa kijivu na hudhurungi, mwenye mstari mweupe nyuma ya jicho. Ukikuta bata wawili wote wamerembwa sawasawa, umekutana na mchoraji aliyenakili picha asiijue. Amechora madume wawili akaiita harusi.

Ndege mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, wa ukoo wa kunguru, ni mleta furaha kwa Wachina. Hutua kwenye tawi la mti unaochanua wakati wa baridi kabla ya kutoa majani, wenye ua la petali tano. Tawi likijaa majani mabichi, shaka iingie.

Ua kubwa jekundu la kwenye chupa za chai, ambalo wengi huliita waridi, mara nyingi ni peoni, alama ya utajiri na heshima. Litambue kwa majani: ya peoni yamegawanyika katika sehemu tatutatu, na shina halina miiba. Kazi nzuri huonyesha petali zikipandana, rangi ikififia polepole kuelekea ukingoni. Kazi mbovu ni doa jekundu lililowekewa mstari.

Na ile herufi ya harusi, furaha mbili zilizounganishwa, haihitaji kujua Kichina. Upande wa kushoto na wa kulia ni sawa kabisa. Mstari mmoja ukipungua upande mmoja, bakuli lina kasoro, hata muuzaji akikuapia.

Mwisho, kwangua picha kwa ukucha kwenye kona. Picha iliyochomwa pamoja na kioo haisikiki kidoleni. Iliyobandikwa juu juu ina ukingo, na jivu la kusugulia litaimaliza upesi. Rangi kali za juu juu, hasa nyekundu na njano za vyombo vya zamani, zinaweza kuwa na risasi au kadimiamu, basi ukwaju na limau visilale humo. Wala chakula kichachu kisiwekwe kwenye bakuli lililobanduka ndani.

Watu wa Kunduchi, kule pwani, waliwahi kupachika mabakuli ya kauri ya China kwenye nguzo za makaburi yao, yaonekane na kila mpita njia. Chombo cha kabatini nacho ni cha kuonwa, kwa hiyo kilipie picha yake. Bakuli la madume wawili litabeba mlenda bila taabu yoyote, ila lisiuzwe kwa bei ya zawadi ya harusi.