Nani Ameshika Kamba? Kuupima Wito wa Kuzisusia Nchi kwa Ajili ya Wanyama

Ndugu msomaji, katika miaka hii umeenea ulimwenguni mtindo mpya wa kulaumiana. Mtu anapotaka kusafiri huambiwa na wenzake: nchi fulani usiende, kwani watu wake huwatesa wanyama. Wasafiri huhimizwa wasiende Taiji, mji wa Japani ambako pomboo huzingirwa ghubani wakauawa. Huhimizwa wasitie nanga visiwa vya Faroe, ambako nyangumi hufukuzwa mpaka ufukweni wakachinjwa. Na simba aliyeitwa Cecil alipouawa huko Zimbabwe mwaka 2015 na mwindaji kutoka Marekani, ghadhabu ilikuwa kubwa hata mashirika kadhaa ya ndege yakatangaza kwamba hayatachukua tena vichwa na ngozi za wanyama waliowindwa kwa fahari. Nasi Tanzania hatukusalimika na lawama. Tembo wetu walikadiriwa kuwa kiasi cha 109,000 mwaka 2009. Walipohesabiwa mwaka 2014 walikutwa kiasi cha 43,000 tu. Lawama kama hiyo haina wa kuikataa.

Makusudio ya makala hii ni kuutia wito huo katika mizani ya dini yetu. Hatusemi kwamba ni batili, wala hatusemi kwamba ni wa haki kila unapotolewa. Twasema asili yake ni njema, lakini mara nyingi humwangukia asiyekuwa na kosa na kumwacha aliyeishika kamba.

Asili yake ni njema

Tusije tukadhani kwamba huruma kwa mnyama ni jambo tulilofundishwa na watalii. Katika Suratul An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatujulisha kuwa kila mnyama atembeaye ardhini na kila ndege arukaye kwa mbawa zake ni umma kama sisi tulivyo umma, na kwamba wote watakusanywa kwa Mola wao. Mtume (s.a.w.) ametupa habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie mwenyewe. Na ametupa habari ya mtu aliyeghufiriwa kwa kuteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu. Amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Imepokewa pia kwamba shomoro aliyeuawa pasipo haja atamshitaki aliyemwua Siku ya Kiyama.

Lakini tuitazame vizuri hadithi ya paka. Aliyeadhibiwa ni mwanamke mmoja, ambaye mlango ulikuwa mkononi mwake. Jirani zake hawakutajwa, wala mji wake haukulaaniwa. Hukumu ilimfuata aliyekuwa na uwezo wa kufungua asifungue. Hapo ndipo tunapopata swali la kumwuliza kila anayetuita tususie: nani ameshika kamba?

Kususia kwa haki na kususia kwa dhuluma

Katika sira ya Mtume (s.a.w.) tunazo habari za kususia zaidi ya moja, nazo hazifanani.

Ya kwanza ni ile ya Makureshi. Waliandika mkataba wakautundika katika Al-Kaaba, kwamba asiwaozeshe mtu Bani Hashim na Bani Muttalib, wala asioe kwao, wala asiwauzie, wala asinunue kwao. Watu wa koo hizo wakakaa katika bonde la Abu Talib muda wa miaka kama mitatu, wakala majani, na vilio vya watoto wenye njaa vikasikika nje ya bonde. Makureshi walikuwa na ugomvi na mtu mmoja na ujumbe wake. Walioteswa ni koo mbili, na ndani yake wamo ambao hata hawakuwa wamesilimu.

Ya pili ni ile ya Kaab bin Malik na wenzake wawili, waliobaki nyuma katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, pasipo udhuru. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha Waislamu wasiseme nao. Jambo likadumu siku 50, kisha toba yao ikakubaliwa kwa aya zilizoteremshwa. Waliosusiwa walijulikana kwa majina, na kosa lao lilijulikana. Mlango wa kurudi haukufungwa. Hata katika siku hizo, mke wa mmoja wao, Hilal bin Umayya, aliruhusiwa kumhudumia mumewe kwa kuwa alikuwa mzee.

Na iko ya tatu ambayo haitajwi sana. Thumama bin Uthal, mkubwa wa Yamama, aliposilimu aliwaapia watu wa Makka kwamba haitawafikia punje ya ngano kutoka kwao mpaka Mtume (s.a.w.) aruhusu. Watu wa Makka walipodhikika walimwandikia Mtume kumkumbusha udugu, naye akamtaka Thumama aiache ngano ipite. Nao walikuwa ni watu wale wale waliomsusia yeye katika bonde!

Basi mizani ni hii: kususia kwa haki kunamlenga mtendaji na tendo lake, na kunaacha njia ya kurejea. Kususia kunakomwangukia kila mtu kwa sababu ya kabila lake au nchi yake ni ule mkataba wa Makureshi, hata kukifanywa kwa jina la huruma.

Pomboo wa Kizimkazi

Tuupeleke wito huo Kizimkazi, kusini ya Unguja. Mji huu Waislamu wanaujua kwa msikiti wake wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka wa 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia. Watalii wanaujua kwa pomboo. Zamani wavuvi wa huko waliwawinda pomboo na nyama yake wakaifanya chambo cha papa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 ilionekana kuwa pomboo aliye hai ana faida kuliko chambo, na wengi wakageuka kuwa manahodha wa wageni.

Hapo pakaingia dhara nyingine. Mashua huwazunguka pomboo, wageni hujitupa majini mbele yao, na wakihama hufukuzwa. Uchunguzi wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mashua za watalii huwapunguzia pomboo wa huko muda wa kupumzika. Mnyama asiyepata kupumzika ameteswa, ijapokuwa hakuna damu iliyomwagika.

Sasa atokee mtu Ulaya aseme: tususie Kizimkazi, bali tususie Zanzibar nzima. Je, nani ameshika kamba? Nahodha ana sehemu yake, hatumsafishi. Lakini nahodha huenda mbio kwa sababu mgeni aliyemlipa anataka kuogelea karibu na pomboo na kupigwa picha, na akirudi bila picha hunung'unika. Mgeni ndiye anayenunua ile mbio. Akisusia kisiwa kizima, ataumia mama auzaye maandazi na kijana afuaye shuka za hoteli, ambao hawajapata kumkaribia pomboo. Na nahodha asiyepata wageni atarudi kwenye jarife, na jarife huwanasa pomboo pia wakafa kwa kukosa pumzi.

Mgeni mwenye dini, au mwenye utu tu, atamwambia nahodha kabla ya kupanda: nakulipa ukae mbali na uzime mashine, ukiwafukuza sipandi tena mashua yako, nami nitawaambia wenzangu. Huko nako ni kususia. Kunamjua mtendaji, kunalitaja tendo, na kesho nahodha akijirekebisha atapata abiria. Ni kugumu kuliko kubaki nyumbani kwa mtu ambaye tangu hapo hakuwa na nia ya kuja.

Kamba ina ncha mbili

Wala sisi Waislamu tusijione tumetakasika. Mwezi wa Novemba mwaka 2010, wanyama na ndege hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walipakiwa katika ndege kwenye uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar kinyume cha sheria. Kesi iliendeshwa Moshi, na mwaka 2014 mahakama ikamtia hatiani mfanyabiashara wa kigeni, ambaye wakati huo alikwishatoroka. Wakubwa wetu walilaumiwa, na ilikuwa haki. Lakini twiga hapandi ndege pasipo mtu wa upande wa pili anayemngojea. Tulisikia kelele juu ya nchi iliyouza. Juu ya walionunua hatukusikia hata hotuba moja ya Ijumaa, pengine kwa kuwa ni ndugu zetu katika dini na hutusaidia kujenga misikiti. Mtume (s.a.w.) alisema kwamba lau binti yake Fatima angeiba, angemkata mkono. Huruma kwa wanyama inayonyamaza mbele ya tajiri haijawa huruma.

Viboko wa Ruaha na maji ya Mtera

Sasa turudi kwetu, nchi ya kati. Sisi tukaao kando ya bwawa la Mtera, kati ya Dodoma na Iringa, tunaona magari ya wageni yakipita juu ya ukuta wa bwawa. Bwawa lilikamilika kiasi cha mwaka 1980 ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na tangu mwaka 1988 Mtera yenyewe ina mitambo ya megawati 80. Maji yake mengi huja na Mto Ruaha Mkuu, ambao kabla ya kutufikia hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Mto huo haukuwa ukikauka. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko husongamana kwenye vidimbwi vya tope, ngozi zikapasuka kwa jua, wakafa. Samaki hufa, na mamba hujichimbia kingoni. Hakuna mwindaji aliyefyatua risasi. Maji yamebaki juu, katika bonde la Usangu na kinamasi cha Ihefu, ambako mifereji huyachukua kwa ajili ya mpunga. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Frederick Sumaye, aliahidi huko London kwamba ifikapo mwaka 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu na ng'ombe wao, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Mwaka 2010 ulifika, na mto uliendelea kukatika.

Tuseme basi mtalii amekasirika kwa ajili ya viboko, akaisusia Ruaha. Atafungua mfereji gani? Hata mmoja. Atapunguza fedha ya mlinzi wa hifadhi, na mpunga utaendelea kunywa. Kamba ya kiboko wa Ruaha haimo mkononi mwa mtalii. Imo mkononi mwa mwenye mfereji anayeuacha wazi baada ya mavuno, maji yakamwagika bure. Imo mkononi mwa mwenye cheo anayegawa vibali vya maji kuliko maji yaliyopo. Na ncha yake ndogo imo katika sinia zetu, maana mchele wa Mbeya ndio tunaoupikia pilau ya Maulidi na ya harusi, kisha sinia zikarudi na wali wa kumwagwa.

Hapa dini haikutuacha gizani. Zubeir na mtu wa Kiansari walipogombania mfereji huko Madina, Mtume (s.a.w.) alihukumu kwamba aliye juu anyweshe shamba lake kisha amwachilie jirani yake. Na katika bonde la Mahzur alihukumu kwamba aliye juu ayazuie maji mpaka kiasi cha kifundo cha mguu, kisha ayaache yateremke. Mafakihi wakaieleza haki ya kunywa, ya watu na wanyama, kwamba hutangulia haki ya kumwagilia. Kiboko ni jirani wa chini. Hana wakili mahakamani, lakini yumo katika zile umma zilizotajwa katika Suratul An'am.

Yatupasayo

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiitwa kususia, usikimbilie kuitika wala kukataa. Uliza jina la mtendaji, uliza tendo, uliza kama kujizuia kwako kutaifikia kamba. Ikiwa fedha yako ndiyo inayonunua mateso, kama vile mbio za pomboo, au simba aliyefungwa ili apigwe picha na wageni, au kobe anayekaliwa na watoto, basi izuie fedha hiyo hata kama safari nzima itaharibika. Kuilipa ni kushirikiana katika dhambi. Ikiwa fedha yako inamfikia mlinzi na mpishi wasiokuwa na kosa, usiwaadhibu kwa dhambi ya mwingine, kwani hapana abebaye mzigo wa mwenziwe.

Na makhatibu wetu wa Dodoma, Iringa na Mbeya wana kazi. Hukumu ya mfereji wa Zubeir isomwe mimbarini mwezi wa Julai, kabla vidimbwi havijakauka, na isomwe Usangu kuliko kusomwa London. Mkulima Mwislamu wa Mbarali afunge mfereji wake baada ya kuvuna, naye ahesabu kuwa amemtekea maji mbwa wa kisimani mara elfu. Nasi wa Mtera tupike kiasi tutakachokila.

Mtalii wa mbali ana hiari ya kuja au kutokuja. Sisi tunaokula mchele na kuwasha taa hatuna hiari hiyo, kwa kuwa tayari tumo safarini, na mnyama yuko mwisho wa kamba. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaofungua. Amin.