Mgeni njoo, mwenyeji yuko wapi? Msamiati wa utalii wa kuhuisha mbele ya msitu wa Kahuzi-Biega

Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka na kuacha hoteli nyingi zikiwa tupu, wataalamu wa utalii wamezidi kulishuku neno walilolitukuza kwa miaka mingi. Utalii endelevu, wasema, hautoshi. Haifai mgeni aridhike kwa kutoharibu tu; yampasa aiache nchi aliyoizuru ikiwa na uhai zaidi kuliko alivyoikuta, misitu ikiwa imeota, mito imesafika, na watu wa mahali wamepata nguvu. Fundisho hilo huandamana na la pili, kwamba nchi inayozuriwa haina budi kutunzwa na wale walioikaa tangu kale. Kiswahili bado hakijaafikiana juu ya jina la jambo hili. Katika makala haya litaitwa utalii wa kuhuisha, si kwa sababu jina hilo limekamilika, bali kwa sababu kitenzi kuhuisha kinataja uhai waziwazi.

Kabla ya kulipokea wazo kana kwamba ni bidhaa mpya ya ng'ambo, msomaji atakumbuka methali mbili ambazo hata mtoto wa shule anazijua. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya kwanza yataka ujio wa mgeni uwe heri kwa mwenye nyumba. Ya pili yamtaka mgeni ashike kazi. Watalii wanaopelekwa kupanda miti na kulipa gharama za kitalu wanafanya, kwa ada kubwa, kile ambacho methali ya pili ilikidai bure. Lakini methali zote mbili zina sharti ambalo hazikulitamka, kwa kuwa watungaji wake hawakuweza kufikiria hali nyingine: mwenyeji awe yupo nyumbani kwake. Jembe hupewa mgeni na mwenye shamba, akaonyeshwa pa kulima. Mwenyeji akiwa amefukuzwa, ni nani atakayempa mgeni jembe, na kwa shamba la nani?

Swali hili si la kubuni. Magharibi ya Bukavu, milima ya Kahuzi yenye mita 3308 na Biega yenye mita 2790 ilizungushiwa mipaka ya hifadhi tangu wakati wa Wabelgiji, mwaka 1937. Mwaka 1970 ikawa parke ya taifa yenye kilometa za mraba 600 hivi. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi 6000, ikashuka na kuingia katika misitu ya bonde. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 1997 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hapo ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, makundi ya gorila yalipozoeshwa kutazamwa na wageni, miongoni mwa ya kwanza kuzoeshwa hivyo. Na katika miaka hiyohiyo Watwa waliokuwa wakiishi msituni waliondolewa bila fidia, wakatawanyika pembezoni mwa mashamba ya wengine. Mambo hayo mawili yalifanyika pamoja: gorila alizoezwa wageni, na Mtwa akafanywa mgeni.

Mwanaisimu hana mamlaka ya kuamua kesi ya ardhi. Ana haki, hata hivyo, ya kuchungua maneno ambayo kwayo kesi hiyo husemwa, na maneno hayo hayakosi hatia. Neno hifadhi ndilo la kwanza. Asili yake ni Kiarabu, na katika madrasa za Kasongo na Kindu, kama za pwani, kuhifadhi ni kuweka moyoni: aliyehifadhi Kurani ni yule anayeijua yote bila kufungua kitabu. Kwa maana hiyo, aliyeuhifadhi msitu wa Kahuzi ni yule anayejua mti upi ni dawa ya homa, nyuki wanahama lini, na njia ipi hupitika wakati wa mvua. Katika lugha ya utawala neno lilipoteza upande huo wote likabaki na ule wa kufungia. Mjini Bukavu watu husema parke tu, na labda wana haki, maana neno hilo la Kifaransa angalau halijifanyi kuwa na kumbukumbu. Utalii nao una historia ya namna hiyo. Kutalii kulikuwa kusoma kwa makini, kuchunguza, kabla ya kuwa kutembea na kamera. Na gorila wenyewe: katika majina ya kitaalamu, yule wa Kahuzi hubeba jina la Mwaustria Rudolf Grauer, na yule wa milima ya Virunga jina la Robert von Beringe, afisa wa Kijerumani aliyewaua wawili mwaka 1902. Mnyama akabaki na jina la mwenye bunduki.

Lakini kosa kubwa zaidi halimo katika nomino. Limo katika vitenzi. Hotuba na miradi ya utalii inapowataja Watwa, na hata wenyeji kwa jumla, hupendelea umbo moja: wanashirikishwa, wanahusishwa, wanaelimishwa, wananufaishwa. Ni mnyambuliko wa kusababisha uliotiwa kauli ya kutendwa, na sarufi yake haina siri. Anayeshirikishwa hashiriki kwa nguvu zake. Yuko mwingine, asiyetajwa, aliyemshirikisha, na ambaye kesho aweza kuacha. Kauli ya kutendwa humficha mtenda, na kiambishi cha kusababisha humpa uwezo wote. Utalii wa kuhuisha umekuja na ahadi ya kubadili uhusiano huo. Ila ukisomwa katika Kiswahili chake cha miradi, unaendelea kutumia viambishi vilevile. Wenyeji sasa watahuishwa. Mwenyeji wa methali, kinyume chake, yumo katika kauli ya kutenda: apone. Hakuna anayemponya.

Si kweli kwamba lugha nyingine haiwezekani. Huko Nyuzilandi, msitu wa Te Urewera ulikuwa parke ya taifa tangu mwaka 1954. Sheria ya mwaka 2014 iliuondolea hali hiyo na kuutambua kuwa na nafsi yake ya kisheria. Unasemewa na baraza ambamo watu wa Tūhoe, wana wa msitu huo, wana viti vingi. Mpango uliotolewa na baraza hilo mwaka 2017 ulipindua sentensi nzima ya uhifadhi: kazi yake, ulieleza, ni kuongoza watu kwa faida ya nchi, wala si kuongoza nchi. Mtalii hapo ni mgeni wa mtu anayejulikana. Bila shaka Tūhoe ni wengi kuliko Watwa wa Kivu, wana mawakili, na dola yao haina vita. Mfano hauhamishiki kama mche wa kahawa. Unaonyesha tu kwamba mtenda wa kitenzi aweza kubadilishwa kwa sheria.

Katika Kongo, sheria nayo imeanza kusema. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya kulinda na kukuza haki za Mbilikimo wenyeji wa asili inatambua haki zao juu ya ardhi wanazozikaa na kuzitumia kwa desturi. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ambao uliona kuwa dola ilivunja haki za Watwa wa Kahuzi-Biega, ukataka warudishiwe nchi yao, walipwe fidia, na waombwe radhi hadharani. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Mahakama ya Afrika huko Arusha ilikuwa imewapa haki Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya. (Kwamba sheria ya kuwatukuza watu inawaita kwa jina linalowapima kimo ni jambo la kuandikiwa makala yake.)

Hata hivyo mhakiki hawezi kuishia hapo, kwa sababu watetezi wa Watwa nao wana msamiati wao, na haukosi mitego. Neno lao pendwa ni walinzi wa asili. Mwezi wa Oktoba 2018, baada ya ahadi nyingi za ardhi kutotimizwa, Watwa kadhaa walirudi msituni kwa nguvu. Kukawa na mapigano na askari wa parke, na watu wakauawa. Katika sehemu walizorudia miti mingi ilikatwa kwa makala na mbao, biashara ambamo wachuuzi na wenye silaha walipata sehemu kubwa. Wapinzani wao walishangilia: hao ndio walinzi! Na shangwe hiyo iliwezekana kwa sababu utetezi ulikuwa umejengwa juu ya sifa badala ya haki. Mkulima wa Bushi haulizwi, kabla ya kuachiwa shamba lake la migomba, kama anatunza rutuba yake vema. Shamba ni lake, akilitunza vibaya atashauriwa. Mtwa peke yake ndiye anayedaiwa uchamungu wa mazingira kama cheti cha kumiliki. Utalii wa kuhuisha unazidisha dai hilo, kwa kuwa mgeni hulipa ili aone hekima ya kale, na mwenyeji aliyekaa miaka hamsini bila msitu hana budi kuiigiza hekima hiyo mbele ya kamera.

Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, habari za watalii zimekuwa ndogo mbele ya habari za vifo. Kazi ya lugha haikusimama kwa sababu hiyo. Sheria ya 2022 iliandikwa kwa Kifaransa, na Watwa wengi wa Kivu hawasomi Kifaransa; wanaisikia, ikiwa wanaisikia, kwa Kiswahili cha mfasiri. Palipo na consentement, mfasiri ana maneno mawili yaliyo karibu. Akisema kuwa wenyeji watashirikishwa kabla ya mradi kuanza, amewapa kiti cha kusikilizia. Akisema kuwa mradi hauanzi mpaka wamekubali, amewapa mlango na ufunguo wake. Ni tafsiri hii ya pili tu iliyo aminifu kwa neno la Kifaransa.